Fulana mia au ndoo sitini? Jibu kwa dada mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ihumwa

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Kaka habari za kazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ihumwa, njia ya kwenda Mtumba, lina mwaka na nusu sasa. Nauza saruji, nondo, bati, misumari na rangi kidogo. Nimetenga milioni moja na nusu ya kujitangaza mwisho wa mwaka huu. Mtu wa printi kanipigia hesabu ya fulana 100 kwa 12,000 na kalenda 200 kwa 1,500, inakuja hiyohiyo milioni na nusu. Mume wangu anasema ni kutupa hela, shoga yangu anasema nitoe miamvuli maana mvua zinakaribia. Nichague nini?"

Dada yangu salama kabisa, pole na jua la Ihumwa. Mi nipo kwenye hii kazi ya kuchapa na kubrandi vitu miaka mingi, nusu nimeifanyia Dar nusu hapahapa Dodoma, na nikwambie ukweli hilo swali la "nichague nini" watu wengi wanaliuliza wakiwa tayari wamelipa advansi, kwa hiyo hongera kwa kuuliza mapema.

Mumeo hajakosea sana lakini hajapatia pia. Hela haitupwi kwa kuchapa vitu, inatupwa kwa kuchapa kitu ambacho hujui kitaenda kukaa wapi. Mi mteja akija ofisini simuulizi bajeti kwanza, namuuliza hiki kitu kikishatoka mkononi kwako kinaenda kukaa wapi, na pale kinapokaa nani atakiona siku ambayo anahitaji unachouza? Akishindwa kunijibu namwambia arudi nyumbani akafikirie, na nimewahi kukosa oda kwa sababu hiyo mke wangu akanuna wiki nzima.

Sasa wewe unauza saruji na nondo, nani anayeamua saruji inunuliwe wapi? Mwenye nyumba ndo anatoa hela lakini nusu ya hawa wanaojenga huko Ihumwa, Mtumba, Nzuguni ni wafanyakazi, mchana wapo ofisini, wengine wapo mikoani kabisa wanajenga kwa simu. Anayesema "bosi saruji imeisha, pale kwa fulani wana bei nzuri na wanaleta mpaka saiti" ni fundi. Fundi ndo mteja wako hata kama hatoi shilingi mfukoni mwake, kwa hiyo kabla ya kufikiria fulana fikiria fundi anashika nini kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni.

Tuanze na hizo fulana 100 maana ndo zinakula milioni na laki mbili yako. Mia zinaenda kwa nani? Nikikupa daftari uandike majina mia utaandika wafanyakazi wako, wadogo zako, kwaya, majirani wa duka, madereva wa kirikuu wanaokubebea mzigo, ukifika arobaini unaanza kukuna kichwa. Zile sitini zinagawiwa ovyo, na fulana yenye namba ya simu kubwa kifuani mtu haendi nayo kanisani wala harusini, anaivaa kulalia au anampelekea babu kijijini Kondoa. Babu wa Kondoa hanunui bati Ihumwa.

Halafu kuna mambo ya rangi ambayo watu wa printi hawakwambii. Ukichapa kijani na njano nusu ya watu watajua ni za CCM, na hapa Dodoma ndo makao makuu yao kwa hiyo hakuna atakayeuliza mara mbili, na wale wasio wa chama wataikataa. Hiyohiyo kijani na njano ni Yanga pia! Ukikimbilia nyekundu na nyeupe umeingia Msimbazi, fundi wa Yanga hataigusa, nakwambia nimeona mtu mzima anakataa kofia ya bure kwa sababu hiyo. Nyeupe tupu ndo usithubutu, na hili vumbi letu jekundu baada ya siku mbili inafanana na gunia la karanga. Bluu iliyokoza, kijivu, au ile rangi ya zabibu nyeusi, hapo unakuwa salama.

Sisemi usichape fulana kabisa. Chapa za wafanyakazi. Una watu wangapi dukani, watatu? Na madereva wawili? Wape polo mbilimbili, iwe moja inafuliwa moja imevaliwa, logo idariziwe kwa uzi badala ya kuchapwa maana uzi haubanduki. Mteja akiingia akakuta watu wamevaa sare anajua nani amuulize bei, na kirikuu ikienda saiti kushusha nondo dereva anashuka amevaa jina lako mbele ya mafundi kumi. Hiyo polo inafanya kazi kila siku.

Na ukichapa fulana yoyote ile, hata kumi, omba sampo uende nayo nyumbani. Uliza kwanza kitambaa ni pamba au polista, kwa joto la hapa polista yote inamfanya mtu anuke jasho kufika saa nne na hataivaa tena, na uliza uzito wake, wao wanaita GSM, yaani gramu kwa mita moja ya mraba, fulana ya kuvaa kazini isiwe chini ya 160, ikifika 180 ni nzuri zaidi. Zile nyepesi nyepesi ukiishika kwenye mwanga unaona mkono wa pili. Kisha ivute pale palipochapwa kwa vidole viwili, wino ukipasuka mistari mistari kama udongo wa Bahi wakati wa kiangazi basi haukuivishwa vizuri, huu wino wanaochapia kwa skrini, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, unaoitwa plastisoli unatakiwa upate moto wa kama nyuzi 160 ndo ukamate, na kuna vijana wanapitisha pasi ya nyumbani juujuu wanakwambia tayari. Ifue kwa mkono na sabuni ya mche mara tatu, anika juani, ndo uamue.

Miamvuli. Hapa shoga yako ana hoja lakini Dodoma siyo Bukoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na hata ndani ya huo msimu siku za mvua unazihesabu, na zikija zinakuja na upepo ule unaougeuza mwamvuli ukawa bakuli. Nina kovu nalo hili. Niliwahi kumletea mteja miamvuli 200, mzigo ukachelewa ukafika Juni, Juni dada! Tulikaa nayo stoo mpaka Desemba, na tulipoigawa ile ya bei rahisi ilivunjika mbavu kabla ya Krismasi, sasa fikiria mtu kalowa mvua kashika mwamvuli uliovunjika umeandikwa jina lako. Kingine, fundi anajenga na mikono miwili, mwamvuli ataushikia wapi? Kama unataka kumkinga na jua mpe kofia ya ukingo mpana, ile ya kuzunguka kichwa chote inayofunika na shingo, maana kapelo shingo inaungua.

Mi ningekuwa wewe ningechapa ndoo.

Usicheke. Ndoo ya lita 20, ile ile ya plastiki. Nenda saiti yoyote uangalie, ndoo inabeba maji, inabeba mchanga, inapimia, ikigeuzwa ni kiti cha kulia ugali saa saba, jioni ikisafishwa saidia fundi anaenda nayo nyumbani kuchotea maji, na mgao wa maji wa mji huu tunaujua, ndoo inapangwa foleni bombani mbele ya akina mama ishirini ambao waume zao wanajenga. Fulana gani itakufanyia hivo?

Sasa usiandike jina na namba tu, weka kitu ambacho fundi atakitumia. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiumwaga unapata kama lita 35. Zege ya kawaida ya moja mbili nne, yaani saruji moja mchanga mbili kokoto nne, inataka mchanga lita 70 na kokoto lita 140. Ukigawanya kwa ndoo ya lita 20 unapata mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7. Basi andika hivohivo ubavuni, "Mfuko 1 saruji, mchanga ndoo 3½, kokoto ndoo 7", chini jina la duka, chini namba ya simu kubwa. Mafundi wengi wanapima kwa toroli na jicho, toroli moja imejaa kilima nyingine imebonyea, na mwenye nyumba akipita saiti akaiona hiyo ndoo ataanza kuuliza "fundi mbona hatupimi hivi", na ghafla duka lako limeingia kwenye maongezi ya saiti bila wewe kuwepo. Ila mpe fundi mkongwe au injinia unayemwamini aikague kwanza hiyo namba, na weka kaneno kadogo kwamba ni ya jamvi na kazi za kawaida, nguzo na slabu za ghorofa injinia wa kazi ndo anasema. Ukikosea hapo umekosea kwenye ndoo 60 zenye jina lako.

Najua utasema ndoo itachafuka saruji yote jina lisionekane. Ni kweli, chini itachafuka. Ndo maana maandishi yanakaa juu karibu na mkono wa kushikia, na fundi mwenye akili anaosha ndoo jioni kwa sababu saruji ikigandia ndoo imekufa. Chukua ndoo nyeupe au ya njano isiyokoza, maandishi bluu au meusi, ndoo nyeusi achana nazo.

Kwenye uchapaji wa ndoo ndo kwenye mtego. Plastiki za ndoo ni ngumu kushika wino, wino wa kawaida wa karatasi au nguo unakaa siku tatu unachunika kama ngozi ya aliyeungua jua. Mchapaji anatakiwa awe na wino wa plastiki aina hiyo na apitishe uso wa ndoo kwenye moto kidogo kabla ya kuchapa ili wino ukamate, akikwambia "tutabandika stika tu dada ni sawasawa" mwambie asante uondoke, stika na maji na jua la Dodoma haimalizi mwezi. Jaribio ni rahisi, sampo ikae siku moja, kwaruza na kucha, bandika selotepu uivute kwa nguvu, kisha loweka usiku mzima ukwaruze tena asubuhi. Ikitoka hata herufi moja usilipe salio.

Na usizigawe kama njugu. Fundi akileta mteja akanunua mifuko 20 anapewa ndoo, hapo inakuwa ni heshima siyo takataka. Kabla hujampa, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike namba chini kwenye kitako, 1 mpaka 60, na kwenye daftari andika ndoo namba fulani kachukua fundi fulani, simu yake, yuko saiti ya wapi. Kila mteja mpya akija muulize "nani kakuelekeza kwetu?" uandike jibu. Baada ya miezi mitatu utaona kwamba mafundi kama nane hivi ndo wanakuletea watu na wengine wote wamechukua ndoo wakapotea, na hao nane ndo unawapeleka hatua ya pili, unawapa futi kamba nzuri ya mita 5 yenye jina lako. Futi kamba ya bei rahisi usinunue, ile ya wiki moja chemchemi imekatika haikunji, fundi ataitukana na jina lako liko juu yake. Afadhali 20 nzuri kuliko 80 za ovyo.

Kalenda hapo sina ugomvi na wewe, Mtanzania bado anatundika kalenda, ila kalenda ina mwezi wake. Sa hivi ni Septemba, dizaini iwe imekamilika Oktoba, ichapwe Novemba, ukifika katikati ya Desemba iwe imeshaondoka dukani, maana Januari ikipita wiki ya kwanza msumari wa ukutani umeshachukuliwa na kalenda ya benki au ya dayosisi. 200 nadhani ni nyingi kidogo, chapa 150. Tarehe ziwe kubwa zionekane kutoka kwenye kochi, sikukuu zetu ziwemo zote mpaka Mapinduzi ya Januari 12 na Karume ya Aprili 7 na Nane Nane, Idd uweke alama kwamba inategemea mwandamo wa mwezi, usiweke picha yako na familia. Nafasi ya kuandika pembeni ya tarehe ni muhimu kuliko picha ya ghorofa la Dubai, mtu akiandika "saruji mifuko 30" kwenye tarehe 14 kwenye kalenda yako, unadhani atapigia nani simu?

Hesabu sasa. Namba nitakazoweka ni za kupigia mfano tu, bei halisi ulizia mwenyewe sehemu tatu tofauti. Ndoo 60 tuseme na kuchapa zinafika 9,000 moja, hiyo 540,000. Kalenda 150 kwa ile bei uliyopewa ya 1,500 ni 225,000 japo ukipunguza idadi wanaweza kukupandishia kidogo. Polo 12 za kudarizi, kumi za hao watu watano na mbili zako, kwa 20,000 ni 240,000. Futi kamba 25 kwa 8,000 ni 200,000. Jumla 1,205,000. Inabaki 295,000 na hiyo usiiguse, siyo ya kuongezea kofia, ni ya sampo, nauli ya mzigo kama unatoka Kariakoo, na ya kurudia kile kitakachoonekana kinafanya kazi. Watu wanamaliza bajeti yote siku ya kwanza, wanagundua ndoo zinatakiwa sana hawana hela ya kuongeza.

Skrini inalipa ukichapa vingi vya aina moja kwa rangi moja au mbili, maana kila rangi inatengenezewa skrini yake na hiyo gharama ya kuandaa ni ileile uchape 5 au 500. Kwa hiyo logo yako kama ina rangi nne na kivuli, tengeneza toleo la rangi moja la kuchapia kwenye ndoo, utapunguza hela na itaonekana vizuri zaidi.

Ukienda kuchapa usimpelekee logo uliyoiscreenshoti. WhatsApp ukituma kama picha inaibana inakuwa na ukungu, na ukivuta ikae kwenye ndoo inapasuka vipandevipande. Mrudie aliyekutengenezea logo mwambie akupe faili la vekta, AI au CDR au PDF, lile ambalo ukilikuza mpaka liwe bango haliingii ukungu, na ulitume kama dokumenti. Akisema hana, ujue hiyo logo ilitengenezwa kwa simu, tafuta dizaina aichore upya, haichukui siku mbili.

Namba ya simu. Hapa naomba usome taratibu. Mwaka fulani nilichapa kofia 300 za mteja, namba ikapungua tarakimu moja, sifuri mbili zilizofuatana nikaandika moja, na mteja aliangalia akasema safi, mi nikaangalia nikasema safi, fundi wa mashine naye akasema safi, sote watatu tulikuwa tunasoma namba tunayoijua kichwani siyo iliyoandikwa. Nililipa mimi kofia zote. Tangu siku hiyo naweka sampo mezani, mteja anachukua simu anabonyeza tarakimu moja moja kwa kuangalia kwenye sampo, mpaka ile simu nyingine iite, ndo tunachapa.

Vitu viwili vidogo namalizia. Mifuko, najua kuna mtu atakushauri uchape mifuko ya kubebea misumari, kumbuka ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hii mbadala ya kitambaa inatakiwa isipungue GSM 70, na hata hivo msumari wa nchi nne unaitoboa kabla mtu hajafika barabarani, kwa hiyo kwako haina kazi. Pili, uko karibu na Mji wa Serikali na najua umeshawaza kuwapelekea wale wa manunuzi dayari za ngozi mwisho wa mwaka. Kalenda wape kama unavyompa mtu yeyote. Lakini mtu anayeshika zabuni unayoiwania ukimpelekea kitu cha thamani hiyo siyo promosheni tena, sheria ya rushwa ya 2007 ipo na TAKUKURU wenyewe makao yao makuu ni hapahapa mjini.

Na popote utakapochapa dai risiti ya EFD, hii ni gharama ya biashara, bila risiti mkadiriaji wa kodi haitambui hata ukimuonyesha ndoo.

Wiki hii usilipe chochote, nunua ndoo moja tu, mpelekee mchapaji achape, ukishaikwaruza na kuiloweka mpe yule fundi anayekuja dukani mara nyingi kuliko wote aitumie wiki mbili. Nenda saiti kwake kimyakimya uione iko wapi. Ukikuta imetupwa nyuma ya choo nipigie tubadilishe mpango, ukikuta kaikalia anakula, oda zile 59.